Mafunda Matatu ya Tona

Mwanamume anayepaka tona, yale maji ya kupaka usoni baada ya kuosha, naye anaishi kwenye majumba ya Michenzani na mama yake na wadogo zake, ana kazi mbili kila siku: kuipaka na kuificha. Kuipaka ndiyo kazi nyepesi.

Mimi nilianza kwa sababu ya ndevu. Nikinyoa leo, kesho shingo nzima imetutumka vipele, na kinyozi wangu dawa anayoijua ni moja tu, spiriti. Anakupaka kwa kofi huku anakwambia "vumilia, mwanamume wewe," nawe unavumilia machozi yakikutoka, na asubuhi vipele viko pale pale na wameongezeka wageni. Bi mmoja wa Kikwajuni, mpambaji wa maharusi, ndiye aliyenishika kidevu siku moja akanigeuza huku na huku kama anayechagua samaki Darajani, akaniuliza naogea sabuni gani. Nikamwambia ya mche, hiyo hiyo ya kufulia. Akaguna mguno mrefu.

Nambari nilikuja kuzisoma mwenyewe baadaye, lakini maelezo yake yalikuwa sawasawa. Ngozi ya uso ina uchachu wake mdogo wa asili, kipimo chake cha pH, ambacho kikishuka ndipo uchachu unapozidi, hakifiki 6, na sabuni ya mche iko 9 hadi 10. Kila ukijisugua nayo unaivua ngozi nguo zake. Halafu maji yetu ya Unguja yanapita kwenye mawe ya chokaa, ni maji magumu, sabuni haiondoki yote, unabaki utando. Tona za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya kufuta utando huo na zilijaa spiriti, ndiyo maana zikiunguza. Za sasa nyingi kazi yake ni kuituliza ngozi na kuirudishia unyevu. Yake yeye ilikuwa na vitu viwili tu, marashi ya waridi na glisirini. Unaosha uso, hujikaushi kwa taulo, unamimina matone kiganjani, unabonyeza mashavuni na shingoni pole pole, asubuhi na usiku.

"Unabonyeza," alinirudia. "Hufuti meza."

Sasa bi huyu hana kiwanda. Tona yake anaitia kwenye chupa yoyote safi itakayomwangukia mkononi, na mimi nilikwenda kununua msimu ambao mahujaji wamesharudi. Mnajua mambo yalivyo. Hujaji anakuja na dumu lake la lita 5 la Zamzam, maji ya kisima cha Makka, analigawa kwenye vichupa, jamaa wanakunywa, vichupa vinabaki vimezagaa mjini. Changu kilikuwa na kifuniko cha kijani na lebo iliyobanduliwa nusu, imebakia na herufi tatu nne za Kiarabu. Nikakipindua kuangalia kama kinavuja. Hakikuvuja, nikalipa. Watu walionilaumu baadaye kwamba ningesoma lebo, mimi nawauliza, nani kati yenu anasoma lebo ya chupa aliyouziwa kitu chengine? Kopo la maziwa kwetu lina karafuu, kopo la biskuti lina nyuzi na sindano, na hakuna aliyewahi kushtaki.

Marashi yasiyotiwa kitu cha kuyahifadhi huharibika na joto, kwa hivyo pahala pake ni ndani ya friji. Na friji ya kwetu ni pahala pazuri pa kuficha, maana mlangoni mwake kuna matone ya macho ya mama, achari ya mwaka juzi, vipande vya ndimu vilivyokauka, na ufunguo mmoja ambao hakuna ajuaye ni wa mlango gani. Nikakitia nyuma ya achari. Wadogo zangu sikuwaogopa. Wao wakifungua friji huangalia nyama tu.

Akaja shangazi kutoka Wete, Pemba, kuangaliwa goti.

Shangazi yangu haangalii nyama. Yeye akifika nyumba ya ndugu yake, kabla hajavua buibui, anapanga friji.

Mimi nilikuwa kazini, natengeneza simu. Yaliyotokea baina ya adhuhuri na alasiri nimehadithiwa na mdogo wangu, naye kila akifika pahala pazuri anacheka mpaka anakaa chini, kwa hivyo hadithi hii ina viraka. Lakini mwanzo wake ni kwamba shangazi alikitoa kile kichupa, akakifuta, akaona kifuniko cha kijani, akaona herufi, akasema, "Watoto hawa! Zamzam wameitupa nyuma ya achari!"

Adabu ya Zamzam anaijua kila mtu. Unaelekea kibla, unapiga bismillahi, unakunywa mafunda matatu, unanuia haja yako. Shangazi akanuia goti.

Na glisirini, kwa asiyejua, ni tamu. Si sukari, lakini ulimi hautofautishi. Ukiichanganya na waridi unapata kitu ambacho huwezi kumlaumu mtu akikifikiria kimetoka peponi. Shangazi alimeza funda la kwanza akasimama. Alimeza la pili machozi yakamlenga. La tatu akamwita mama.

Mama, jamani, ananunua marashi ya waridi kila mwezi. Anatia kwenye biriani, anajaza mrashi akawanyunyizia watu kwenye maulidi, nguo zake zote zinanukia hivyo. Lakini mtu akishaambiwa anachokunywa ni Zamzam, pua nayo inafunga saumu. Alionja, akasema subhanallah, akaenda kutafuta vikombe vya kahawa.

Pangeishia hapo pangekuwa na nafuu. Ila jirani wa mlango wa pili alikuja kuazima mwiko, akaondoka na habari bila ya mwiko. Nyie mliokaa Michenzani mnajua, nyumba zile zimepangwa mlango kwa mlango, ngazi kwa ngazi, na habari ikitoka ghorofa ya nne inafika chini kabla ya aliyeitoa hajamaliza sentensi. Akaja mama mwenye mtoto wa mtihani wa Kidato cha Nne. Akaja mwenye mwanawe Muscat asiyepiga simu. Akaja kijana mmoja ambaye Vespa yake ilikuwa haiwaki tangu juzi, akaomba matone mawili akatie kwenye plagi. Wakamkatalia, wakamwambia Vespa haina nia, anywe yeye kwa niaba yake.

Kichupa kilipokaribia kwisha shangazi akasema Zamzam hata ukiichanganya na maji mengine baraka yake haipungui. Likaletwa jagi.

Mimi narudi zangu alasiri, nafika juu, nakuta viatu. Si viatu vya wageni, ni viatu vya msiba: kandambili, makubadhi, vya watoto, vya wazee, vimejaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Miguu ikaniisha nguvu. Nikaingia nikiwa nimeshaanza "Inna lillahi," naona watu wanatabasamu, kila mmoja ana kikombe, na katikati yao shangazi na jagi, na pembeni ya jagi kichupa changu, kitupu.

"Mwanangu," shangazi akasema, "nimekuwekea funda lako. Njoo unuie."

Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo. Lakini watu wote wale wananitazama, mama ana machozi ya furaha, na shangazi ameshanigeuza mabega nielekee kibla. Nikanywa. Ilikuwa na ubaridi mzuri, waridi juu, utamu chini, na baada ya kumeza ulimi ukabaki na utelezi kama umepakwa. Hata midomo ilipata nuru.

"Umenuia nini?" mama akaniuliza.

"Kheri," nikamjibu, na sijawahi kunuia kweli kama siku ile.

Ndipo akaingia Hajji wa ghorofa ya chini. Hajji amekwenda Makka mara mbili, na hakuna mazungumzo naye, hata yakiwa ya bei ya unga, yasiyofika Mina. Akapewa kikombe. Akanywa, akakunja uso. Akaomba cha pili, kwa kuhakiki.

"Hii siyo," akasema. "Mimi Zamzam nimeinywa pale pale msikitini. Ina uchumvi kwa mbali. Hii ni tamu."

"Labda uchumvi ulikuwa mdomoni mwako," shangazi akamjibu.

"Bibi, mimi nimekwenda mara mbili."

"Na kisima kile kina miaka mingapi? Wewe mara mbili unataka kukijua chote?"

Pakawa na makundi mawili, la uchumvi na la utamu. Kijana wa Vespa akasema labda hii ni ya Umra, ile ni ya Hija. Hapo ikaonekana aitwe maalim wa madrasa, aamue. Maalim akapanda ngazi kwa pumzi, akakaa, akapewa kikombe. Hakunywa. Alikinusa tu, akakirudisha kwenye sahani.

"Haya ni marashi ya waridi."

"Una hakika, maalim?"

"Maiti wa mtaa huu nani anawaosha? Sanda zao nani anazinyunyizia? Nikiwa harufu hii siijui, basi niache kazi."

Nyumba ilinyamaza mpaka tukasikia friji inavyonguruma. Yule jirani wa mwiko akaweka kikombe chake chini, akakisogeza mbali kwa ncha ya kidole kimoja. Mama wa mtihani akamtazama mwanawe kutoka utosini mpaka miguuni, kama kweli bado yuko.

Shangazi hakumtazama mtu. "Nani," akauliza pole pole, "ametia marashi ya maiti kwenye friji ya ndugu yangu?"

Nikawa napanga maneno. Mdogo wangu akaniokoa, kama kunyongwa ni kuokolewa.

"Siyo ya maiti, shangazi. Ni ya kaka. Anapaka usoni. Kila usiku, akidhani tumelala."

Basi. Miezi nimejifungia chooni na taa imezimwa, nabonyeza mashavu gizani, kumbe nyumba nzima inahesabu. Wanawake ndio walioanza kucheka. Hajji akasema astaghfirullah, lakini alikuwa anapapasa shingo yake mwenyewe, na shingo ya Hajji nayo ina vipele, mwacheni.

"Uso wa nani?" shangazi akauliza.

"Wangu."

"Una nini?"

Watu wakataka kujua kama watakufa. Nikampigia bi wa Kikwajuni, nikaweka sauti juu wote wasikie.

"Ile tona yako," nikamwambia, "wameinywa."

"Kina nani?"

"Jengo."

Kimya kidogo, halafu tukasikia akimwita mtu wa kwake aje asikilize. Aliporudi akatwambia yale ni marashi yale yale ya kutia kwenye biriani, na glisirini ni ile ya kupikia ambayo wapishi wa keki wanaitia kwenye sukari ya kupambia isikauke. Hakuna atakayekufa. "Labda waliokunywa zaidi wataisikia tumboni," akasema, "maana glisirini inalegeza." Kisha akauliza chupa nirudishe lini.

Na maji ya bomba siku ile hayakupanda juu. Sitaki kueleza sana. Nitasema tu kwamba magharibi ile ndoo zilishuka na kupanda ngazi zetu kwa wingi kuliko siku ya harusi, na Hajji, mwenye vikombe viwili vya kuhakiki, hakuonekana kwenye isha.

Asubuhi yake shangazi akaniita penye mwangaza. Nilidhani nitasemwa. Akanishika kidevu, wa pili huyo, akanipitisha kidole gumba chini ya taya pale vipele vilipokuwepo.

"Pametulia," akasema. "Mimi nilidhani umepata mchumba."

Kumbe shangazi ujanani alikuwa akiwapamba maharusi kule Wete. Liwa, ule mti unaonukia, anasaga mwenyewe kwenye jiwe, anailowesha kwa marashi haya haya ya waridi, anampaka bibi harusi uso siku kadhaa kabla ya harusi. Akanitaka nimwonyeshe ninavyopaka. Nikamimina maji ya kawaida kiganjani, nikabonyeza. Akanipiga mkono. Shingoni natoka juu kushuka chini, akasema, ndevu zangu zinaota kinyume, nifuate zinakoelekea. Na nikinyoa nisipake papo hapo, nisubiri ngozi ipumzike. Nimefuata yote mawili, na kinyozi wangu sasa ananitazama vibaya kwa sababu spiriti naikataa.

Aliangaliwa goti akapewa dawa za kuchua na mazoezi, akarudi Pemba kwa boti. Baada ya muda akapiga simu. Nikamuuliza hali, nikamuuliza goti.

"Goti nalipandia ngazi, mwanangu. Nitumie ile chupa nyengine, mpe mtu wa boti."

"Shangazi, hospitali walikupa dawa."

"Walinipa. Wewe nitumie ile yako."

"Haya. Ukipaka usoni kumbuka kwanza uoshe na..."

"Usoni?" akanikatiza. "Kwani uso wangu una nini?"