Mashati Matano Yanatosha, Ila Yote Yawe ya Kuvalika

Fungua kabati la mwanaume yeyote anayekwenda ofisini hapa Dar es Salaam, hutakosa mashati kumi na kitu. Sasa mfuatilie wiki nzima: anavaa mawili, akijitahidi sana matatu. Hayo mengine, moja linambana shingo, jingine mikono haifiki kwenye kifundo cha mkono, jingine ni sare ya harusi ya binamu, zambarau linalong'aa. Mawili anayoyapenda ndiyo yanayofuliwa usiku na kupigwa pasi alfajiri yakiwa na unyevu, na mwaka hauishi kabla kola hazijachanika. Halafu utamsikia akilalamika kwamba mashati ya siku hizi hayadumu.

Mzunguko wa mashati, yaani kuyavaa yote kwa zamu, hauharibikii kabatini, unaharibikia sokoni, siku uliponunua shati usilolihitaji kwa sababu muuzaji amekupunguzia buku. Mtu wa ofisi anahitaji mashati matano ya mikono mirefu. Kila moja linavaliwa mara moja kwa wiki, yaani kama mara hamsini kwa mwaka. Lakini lazima yote matano yalingane kwa kukukaa vizuri, maana likiwepo moja unaloliruka, manne yaliyobaki ndiyo yatakayobeba mzigo wake.

Anza na shingo. Pima kwa futikamba pale kola inapokaa, uache nafasi ya vidole viwili. Ukipata inchi 15 na nusu, hiyo ndiyo namba yako, na kwa sentimita ni kama 39. Mtumba wa Marekani mara nyingi una lebo kama 15½ 34/35: ya kwanza ni shingo, ya pili ni urefu wa mkono kuanzia katikati ya shingo kwa nyuma. Wa Ulaya huandikwa 39, 40, 41. Baada ya shingo, angalia bega: mshono ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Ubavu fundi ataubana, mkono ataufupisha, lakini shati lililokupita mabegani liache hapohapo. Kulirekebisha ni kulishona upya.

Na mimi ni mtu wa mtumba, sioni aibu kusema. Shati jipya la pamba husinyaa likifuliwa, na kola ndiyo inayokuumbua. La mtumba limeshafuliwa huko lilikotoka, limeshasinyaa lilivyosinyaa, kwa hiyo unachokipima pale soko la Karume ndicho utakachovaa. Soma lebo ya ndani kabla ya kuangalia jina la kampuni. Ikisema poliesta 65, pamba 35, hicho ni kitambaa cha sare: hakikunjamani, kweli, lakini mwezi wa pili jua likifika nyuzi 32 na unyevunyevu wa bahari juu yake, utanuka jasho kabla ya saa sita. Pamba tupu ya poplini, ile nyepesi na laini, ndiyo ya kutafuta. Oksfodi ni nzuri ila nzito, waachie Arusha na Mbeya. Kitani kina hewa, lakini ukishuka kwenye daladala utaonekana kama ulilala nacho.

Kwenye rangi ndipo ninapogombana na washauri wa mitindo. Wote wanakuambia nunua nyeupe na bluu ya mpauko. Ushauri huo umeandikwa kwa ajili ya London na New York, ambako shati linafunikwa na koti mchana kutwa. Sisi koti tunalitundika kwenye kiti. Bluu ya mpauko ikilowa jasho inageuka bluu iliyokoza, na kila mtu kwenye kikao anaona ramani ya mgongo wako. Kijivu ndiyo balaa kabisa. Nyeupe haionyeshi sana, bluu nyeusi haionyeshi, mistari myembamba na drafti ndogondogo zinaficha vizuri. Kwa hiyo matano yangu ni meupe matatu, moja la mistari, moja la bluu nyeusi. (Wapenzi wa suti ya Kaunda mtaniambia ninyi hamuhitaji shati wala tai. Sawa, ila kumbukeni Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliipiga marufuku ukumbini.)

Meupe yana adui wake, nayo ni ile njano ya kwapani. Wengi wanadhani ni jasho peke yake. Hapana, ni jasho likikutana na aluminiamu iliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho. Dawa ya madoa yenye klorini, ambayo kila nyumba inaiita jiki, huweza kuizidisha njano hiyo badala ya kuitoa. Loweka makwapa kwenye maji yenye siki nyeupe kama nusu saa, sugua taratibu kwa sabuni ya mche, ndipo ufue shati zima. Singlendi ndani husaidia, asikudanganye mtu kwamba inaongeza joto kiasi cha kukushinda.

Anika kivulini, kwenye henga, vifungo viwili vya juu vimefungwa. Kama unampelekea dobi, muulize anatumia pasi gani. Pasi ya mkaa ikitikiswa vibaya inadondosha cheche, na tundu dogo kama kichwa cha pini kifuani halizibiki bila kuonekana.

Mzunguko wenyewe ni kama daladala kituoni: aliyefika mwisho anapakia mwisho. Shati lililotoka kupigwa pasi linatundikwa kushoto kabisa, la kuvaa asubuhi linachukuliwa kulia. Huchagui. Ukishaanza kuchagua, umerudi kwenye mawili yako.

Kola ikianza kulika pale inapokunjikia, kwa sababu ya ndevu, usilitupe shati kama mwili wake bado mzima. Mpelekee fundi ageuze kola. Anaifumua kutoka kwenye shina lake, ule mkanda unaozunguka shingo, anaigeuza, upande uliolika unaelekea chini, anaishona tena. Ila kwanza papasa chini ya ncha za kola: ukikuta vimfuko vya kuwekea vijiti vya kunyoosha kola, ujue ikigeuzwa vitatokeza juu. Vijana wengi wenye cherehani watakuambia haiwezekani. Tafuta mzee anayeshona kaptula za shule barazani, huyo atakuuliza tu unaitaka lini.