Ticino Haiishii Ziwani

Katikati ya Oktoba mwaka jana shangazi yangu alikuja Zurich kunitembelea akitokea Lushoto, na kabla wiki ya kwanza haijaisha baridi ya kaskazini ilikuwa imeshamchosha. Nikaamua kumpeleka kusini, katika jimbo la Ticino, sehemu ya Uswisi inayozungumza Kiitaliano, ambako hata Waswisi wanaosema Kijerumani hukimbilia wakitafuta jua. Vijarida vya utalii huiuza safari hiyo kama jambo la siku moja: asubuhi Lugano, mchana Locarno, jioni aiskrimu kando ya maji huko Ascona, kisha treni ya kurudi. Nimewahi kusafiri hivyo mara mbili, na leo naamini kwamba mara zote mbili sikuiona Ticino. Miji ya ziwani ni mizuri, sibishi, lakini uzuri wake haueleweki mpaka mtu apande kwenye mabonde yaliyo nyuma yake, kwa sababu huko ndiko walikotoka wengi wa watu wake, na huko ndiko shangazi aliponiuliza swali ambalo nilishindwa kulijibu papo hapo.

Kosa la kwanza hufanyika njiani. Treni za haraka hupita katika handaki jipya la Gotthard, lenye urefu wa kilomita 57, lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo ndilo refu kuliko mahandaki yote ya reli duniani, na kutoka Zurich hadi Lugano safari imekuwa ya saa mbili hivi. Kwa mwenye mkutano Milano hiyo ni neema. Kwa mtalii ni hasara, maana bonde zima la Leventina linabaki juu ya kichwa chake huku yeye akiwa gizani, akijitazama uso kwenye kioo cha dirisha. Sisi tulipanda treni ya polepole inayofuata njia ya zamani ya mlimani, ambayo huingia katika handaki la kilomita 15 lililofunguliwa mwaka 1882 na kutokea Airolo. Handaki hilo lilichimbwa kwa takriban miaka kumi, na wengi wa wachimbaji walikuwa Waitaliano maskini. Walipogoma mwaka 1875 upande wa Göschenen walifyatuliwa risasi na wanne wakafa. Hata Louis Favre, mhandisi aliyeibeba kandarasi yote, alianguka na kufia humo humo handakini mwaka 1879. Tuliteremka Airolo kuutazama mchongo wa shaba wa Vincenzo Vela, mzaliwa wa Ligornetto, unaoonyesha wachimbaji wakimbeba mwenzao kwenye machela. Shangazi aliutazama muda mrefu kuliko kitu kingine chochote alichokitazama katika safari ile, kisha akasema tu, "Poleni sana," kana kwamba msiba ulikuwa wa jana.

Kutoka Airolo reli hushuka kwa namna ya ajabu: treni huingia ndani ya jabali, ikazunguka duara zima humo gizani, ikatokea upande ule ule iliouacha ila chini zaidi. "Hii ni barabara ya Mombo," shangazi alisema, "ila wao wameipitisha ndani ya mlima." Aliyewahi kupanda Lushoto kwa basi ataelewa kwamba sikuwa na la kuongeza.

Chini ya bonde hilo kuna Giornico, kijiji chenye kanisa la mawe la Mtakatifu Nikolao, ambalo kwangu linashinda makanisa mengi makubwa ya mjini kwa sababu halijaribu kumvutia mtu. Hapo, mwezi Desemba mwaka 1478, watu wachache wa Leventina pamoja na wenzao wa jimbo la Uri walilishinda jeshi kubwa la Milano, wakiliporomoshea mawe kutoka mlimani. Watawala wa Milano walishtuka kiasi kwamba mwaka uliofuata waliharakisha kujenga ngome ya Sasso Corbaro juu ya Bellinzona, ili kuliziba pengo la mlima ambalo tayari lilikuwa na ngome nyingine mbili, Castelgrande na Montebello. Haikusaidia kitu, kwani kufikia mwaka 1500 Bellinzona ilikuwa mikononi mwa Waswisi. Hapo ndipo inapoanza sehemu ya historia ambayo watembeza wageni huiruka haraka: kwa karibu miaka 300 watu wa Ticino waliishi kama raia wa kutawaliwa, wakiletewa magavana kutoka majimbo ya Kijerumani yaliyokuwa kaskazini mwa milima. Leventina iliasi mwaka 1755, na viongozi wa uasi wakakatwa vichwa Faido huku wenzao wakilazimishwa kushuhudia. Jimbo lenyewe lilipata hadhi sawa na majimbo mengine mwaka 1803 tu.

Ndiyo maana sipendi ngome za Bellinzona ziitwe ngome za hadithi za watoto. Zilikuwa kufuli na kituo cha ushuru. Msanifu Aurelio Galfetti, aliyeikarabati Castelgrande, alipasua mwamba na kuweka lifti ndani yake, na mtu akiingia kwenye ule ufa wa zege na jiwe anaupata uzito wa mahali hapo kabla hajaona ukuta hata mmoja. UNESCO iliziingiza ngome hizi tatu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mwaka ule ule ilipouingiza Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tofauti ninayoiona ni kwamba Mji Mkongwe bado una watu wanaoanika nguo madirishani, ilhali ndani ya Castelgrande hulali wala hupiki. Unakula kwenye mgahawa na kuondoka.

Locarno nitaipitia haraka. Iko kando ya ziwa Maggiore, kiasi cha mita 193 tu juu ya usawa wa bahari, mahali pa chini kabisa nchini Uswisi, na uwanja wake wa Piazza Grande hujaa viti maelfu kila Agosti kwa tamasha la filamu lililoanza mwaka 1946. Panda kwa treni ya kamba hadi hekalu la Madonna del Sasso, utazame chini, ushuke. Minazi isiyo na nazi, kama shangazi alivyoiita ile miti iliyopangwa ufukweni, asili yake ni China. Imeenea msituni kiasi kwamba tangu Septemba 2024 kuiuza ni marufuku nchi nzima, ingawa bado ndiyo inayopamba kadi zote za posta za Ticino.

Lugano inahitaji siku nzima, si kwa ajili ya maduka yake ya saa, bali kwa ukuta mmoja. Katika kanisa la Santa Maria degli Angeli, kando kabisa ya ziwa, kuna mchoro mkubwa wa ukutani wa mateso ya Yesu uliochorwa na Bernardino Luini mwaka 1529, uliosheheni watu, farasi na mikuki. Kisha panda boti. Vijiji vinavyolizunguka ziwa hili, ambavyo leo ni vya wavuvi wachache na wageni wengi, vilikuwa vikitoa mafundi ujenzi kama shamba litoavyo mahindi. Domenico Fontana, aliyelihamisha jiwe kubwa la Misri lililosimama Vatikani mwaka 1586, alizaliwa Melide. Mpwa wake Carlo Maderno, aliyeujenga uso wa kanisa la Mtakatifu Petro, alitoka Capolago. Francesco Borromini, ambaye Roma bila yeye isingekuwa Roma tunayoijua, alizaliwa Bissone mwaka 1599. Boti huvipita vijiji vyao na abiria hupiga picha za maua ya madirishani. Wana wa vijiji vidogo namna hii wangebaki wangejenga nini? Mazizi. Walikwenda kwa sababu ardhi ilikuwa finyu, mwanzoni wakiondoka na kurejea kwa misimu, na utukufu wa Roma kwa sehemu fulani ulijengwa na uhaba wa mashamba ya Ticino.

Gandria, mashariki mwa Lugano, ina historia nyingine ya njaa: mkabala na kijiji, ng'ambo ya maji, kuna makumbusho ya forodha yanayoonyesha mbinu za wapiga magendo waliokuwa wakivusha bidhaa kwenda Italia. Shangazi, ambaye ujana wake aliuishi wakati wa uhaba wa miaka ya themanini, alifurahi kupita kiasi.

Siku ya tatu tulipanda basi la njano la posta kutoka Tenero kuingia bonde la Verzasca. Basi linapita kwanza kando ya ukuta wa bwawa wenye kimo cha mita 220, kisha maji yanabadilika rangi, yanakuwa ya kijani kama chupa, yakipita katikati ya mawe yaliyolainishwa hadi yakang'aa. Watu wengi huishia Lavertezzo, kwenye daraja la mawe la karne ya 17 lenye matao mawili, hasa tangu mwaka 2017, video fupi ilipoufananisha mto huu na visiwa vya Maldivi na kuleta foleni ya magari kutoka Milano. Nawaelewa. Ila maji yale ni ya theluji, yana mkondo, na hukatisha maisha ya waogeleaji.

Sisi tuliteremka kabla, tukapanda kwa miguu hadi Corippo. Kijiji kimegandamana na mteremko kama mzinga wa nyuki: nyumba za mawe zisizo na chokaa, mapaa ya vipande vya mawe vilivyopangwa bila msumari, kanisa katikati. Katikati ya karne ya 19 waliishi hapo watu karibu 300. Kilipounganishwa na vijiji jirani mwaka 2020, kilikuwa ndiyo manispaa ndogo kuliko zote nchini, na wakazi wake walihesabika kwa vidole. Tangu mwaka 2022 baadhi ya nyumba tupu ni vyumba vya hoteli. Shangazi alipita uchochoro hadi uchochoro, akashika ukuta wa tuta la shamba lililoachwa, akagusa kizingiti cha mlango uliofungwa kwa kufuli jipya, kisha akauliza: "Baba, wenyewe wako wapi?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Zamani wenyewe walikuwa wakishuka na ng'ombe wao kila majira ya baridi hadi uwanda wa Magadino, ambao kabla mto Ticino haujanyooshwa ulikuwa kinamasi chenye malaria. Yaani walitoka kwenye njaa ya mlimani kwenda kwenye homa ya bondeni, na kurudi. Wavulana wadogo walipelekwa Lombardia kufagia dohani, kwa sababu ni mwili wa mtoto tu uliopenya ndani yake. Kuanzia katikati ya karne ya 19, vijana wa Verzasca na wa bonde jirani la Maggia walipanda meli kwenda Australia kwenye dhahabu na California kwenye ng'ombe wa maziwa, na wengi hawakurudi. Wajukuu wa waliobaki wako Locarno, Bellinzona na Zurich. Na wanaofanya kazi mijini leo, zaidi ya 70,000 kati yao, huvuka mpaka kila asubuhi kutoka Italia na kurudi jioni.

Mchana tulikula kwenye grotto, neno linalomaanisha pango, kwa kuwa migahawa hii ilianza kama maghala ya mvinyo na jibini yaliyochimbwa chini ya miamba inayopumua hewa baridi. Meza ni bapa za granaiti chini ya miti ya castagno, yaani chestnut, yenye kokwa za kuliwa. Mpishi alikuwa akisonga polenta kwenye chungu cha shaba kwa mwiko mrefu kuliko mkono wake, na shangazi, bila kumngoja mtu atafsiri, alimwonyesha kwa mikono kwamba akandamize pembeni, asizungushe tu. Ulikuwa ugali, wa njano, laini kuliko wetu, uliowekewa kitoweo cha uyoga. Nilikwisha kuuliza mapema kama kuna nyama ya nguruwe, jambo ninalomshauri kila Mwislamu alifanye, maana soseji za huku huingia kila mahali. Shangazi alikunywa gazosa, yaani soda, ya limau. Bili ilipokuja na akaambiwa sahani moja ni faranga 25, alipiga hesabu ya shilingi, akanyamaza, kisha akasema kwamba kwao ugali wa bei hiyo ungekuja na mbuzi mzima.

Alikuwa na haki ya kushangaa. Polenta na kokwa za castagno, ambazo wazee wa hapa walizikausha kwa moshi na kuzisaga unga kwa sababu ngano haikutosha, zilikuwa chakula cha wasio na kitu, na leo ndizo tunazozilipia ghali, tukilala katika mazizi yaliyokarabatiwa. Mwaka 2012 wapiga kura wa Uswisi waliamua kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 katika kila manispaa, na wengi wa mabonde haya waliona wamefungwa mikono na watu wa miji. Sina hakika kwamba walikosea kulalamika. Paa la mawe lisipotazamwa kwa miaka michache huanguka, na mwenye nyumba anayekuja wikiendi kutoka Zurich ni afadhali kuliko magofu. Mafuriko ya mwishoni mwa Juni 2024 yalipolivunja daraja la Visletto na kulifukia kwa mawe eneo la Fontana katika bonde la Bavona, ilidhihirika kwamba bonde huhitaji watu wanaolijua mto kwa mto. Mgeni wa siku moja hawezi kuwa mtu huyo, lakini anaweza kulala usiku mmoja huko juu badala ya ziwani, akanunua jibini kwa mwenye mbuzi, na basi la posta likaendelea kuwa na abiria.

Kabla hatujashuka, shangazi alinunua kilo moja ya unga wa castagno kijijini Sonogno. Desemba alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Lushoto: aliuchanganya na unga wa mchele akapika vitumbua, vikatoka vya kahawia na vizito kidogo, sukari hakutia hata chembe, na watoto wa jirani wamevimaliza.