"Hii haina kemikali"

Binti wa dada yangu ana ua mkononi ambalo halifutiki. Alipakwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, usiku wa kuamkia harusi, hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Siku chache baadaye mkono ukaanza kuwasha, kisha yakatoka malengelenge yaliyofuata mchoro ule ule, jani kwa jani, hadi kwenye kiwiko. Yamepona, lakini ngozi imebaki na alama nyeupe. Dada alipomrudia mpakaji aliambiwa: "Mbona hii ni ya asili, dadangu, haina kemikali."

Kauli hiyo inaniuma kuliko hata lile kovu, kwa sababu naisikia kila mahali.

Hina yenyewe ni kemikali. Kinachotia rangi kwenye jani la mhina kinaitwa losoni. Ukikanda unga wa hina kwa ndimu, ule ukali wa ndimu huitoa losoni kwenye jani, ikaingia ngozini na kushikamana nayo. Ndiyo maana hina hulazwa usiku kucha, ikibanduliwa huwa rangi ya chungwa, na hukolea kesho yake. Nyeusi tititi haiwi. Ukiona mchoro umekuwa mweusi kwa muda wa saa moja tu, shuku PPD, kemikali ya rangi za nywele inayotengenezwa kiwandani. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2, na kuchorea ngozi ni marufuku. Mwili uliokwisha kuikataa mara moja hausahau: huyu binti akija kupaka rangi nywele zake ukubwani, anaweza kuvimba uso mzima.

Utaniambia, basi si umekubali kwamba cha kiwandani ndicho kibaya? Sikubali. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo si mgeni kwenye nchi za malaria kama mwambao wetu. Mtoto mchanga wa namna hiyo akipakwa hina safi, isiyochanganywa na kitu, losoni inaweza kupasua chembe nyekundu za damu yake hadi macho yakawa manjano. Anaweza kufa. Na samaki bunju je? Sumu yake haikupita kiwanda chochote, na mvuvi anayemjua hampeleki nyumbani.

Vitamini C ya kwenye ndimu na ile ya kidonge ni kitu kimoja, mwili hauzitofautishi. Tangu mwaka 1828 Friedrich Wöhler, mkemia wa Ujerumani, alipotengeneza yurea, ile iliyomo kwenye mkojo, bila figo wala mkojo, ilijulikana kwamba kitu cha mwilini chaweza kuundwa mezani kikawa kile kile. Tofauti ninayoiona mimi ni ya vipimo. Kidonge kimeandikwa kina miligramu ngapi. Jani halikuandikwa, lina nguvu kulingana na udongo, jua na siku lilipochumwa, tena limebeba mambo mengine mengi ndani yake. Piko ya kwenye kibakuli nayo haikuandikwa. Hapo jani na piko ni ndugu.

Siku hizi dada akienda kwa mpakaji haulizi kama ni ya asili. Huuliza, "Umechanganya nini humu, na pakiti yake iko wapi?" Juzi mpakaji mmoja alikunja uso akasema hiyo ni siri ya kazi. Dada akamshika mwanawe mkono, ule wenye ua, wakatoka.