Torchwood: kitanda kinakatika, kikao hakikatiki

Mzazi anayepeleka flashi ijazwe sizoni pale Ngamiani, Tanga, huuliza swali moja: ina mambo ya chumbani? Kama yamo, hairudi nayo nyumbani. Kama hayamo, inapita, hata watu wakichinjana humo ndani. Kwa sizoni nyingi kipimo hicho kinasaidia. Kwa Torchwood kinapotosha.

Torchwood ni ya Uingereza, mtunzi wake Russell T Davies, na ilianza kurushwa Oktoba 2006. Ilichipuka kutoka Doctor Who, kipindi cha familia nzima, lakini yenyewe ikapangiwa saa tatu usiku kwa ajili ya watu wazima. Ina misimu minne yenye sehemu 13, 13, 5 na 10, jumla 41. Kikosi kidogo kimejichimbia chini ya jiji la Cardiff, kinashughulika na viumbe na vifaa vinavyodondoka kutoka nyakati na sayari nyingine. Kiongozi ni Kapteni Jack Harkness, ambaye akiuawa anafufuka. Yupo Gwen Cooper aliyetoka polisi, daktari Owen Harper, Toshiko Sato wa kompyuta, na Ianto Jones anayeendesha ofisi na kupika kahawa.

Wanaotaka mambo hayo ya chumbani yakatwe wana hoja nzito kuliko wenyewe wanavyodhani. Msimu wa kwanza mara nyingi unachukulia utu uzima kuwa ni kuvua nguo na kutukana. Sehemu ya pili tu, kiumbe wa angani anaingia mwilini mwa msichana na kuishi kwa kuua wanaume kitandani. Mbaya zaidi ni sehemu ya kwanza. Owen anajipulizia dawa iliyotoka sayari nyingine ili mwanamke aliyekuwa amemkataa amtake, na hadithi inalipitisha jambo hilo kama mzaha. Huko ni kumwingilia mtu bila ridhaa yake, na waandishi hawakulirudia wala kumhoji Owen. Kisha BBC wenyewe walithibitisha kwamba mkasi unawezekana: msimu wa pili ulirudiwa mapema jioni, ukiwa umepunguzwa ili familia iutazame, na visa vikaendelea kueleweka.

Lakini kuna mikato inayovunja mfupa. Gwen ana uhusiano wa siri na Owen. Anakuja kumkiri mpenzi wake Rhys, baada ya kumnywesha dawa ya kusahau ili apate nafuu ya kusema bila kubeba matokeo yake. Ukiondoa uhusiano ule, ungamo halina pa kusimama, na unyama wa kile kidonge hauonekani. Kubwa zaidi ni Jack na Ianto. Ni wanaume wawili wanaopendana, na kwa watazamaji wengi wa Tanga hiyo peke yake inatosha kuifunga sizoni. Asiyetaka aiache, ni haki yake. Ila mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha, akimgeuza Ianto kuwa "rafiki yake wa kazini" anafika sehemu ya nne ya msimu wa tatu akiwa na kiongozi anayelia juu ya maiti ya Ianto kwa namna isiyoelezeka.

Msimu huo wa tatu, Children of Earth, ulirushwa usiku tano mfululizo Julai 2009, na ndio unaobomoa kipimo cha chumbani. Watoto wote duniani wanasimama kwa wakati mmoja na kutamka sentensi moja. Viumbe wanaoitwa 456 wanadai asilimia kumi ya watoto hao. Mwaka 1965 serikali ya Uingereza ilikwisha kuwapa 12, na mmoja wa waliowapeleka ni Jack mwenyewe.

Kisha kinakuja kikao. Mawaziri wamekaa mezani wakitafuta namna ya kuchagua. Watoto wa waliomo chumbani wanaondolewa kwanza. Mwanamke mmoja anasema bahati nasibu haifai: zipo orodha za ufaulu wa shule, basi zichukuliwe za chini, kwa kuwa watoto wale hawatakuja kuwa na faida kubwa kwa nchi. Hakuna anayepiga kelele, na pendekezo linapita. Wazazi wataambiwa ni chanjo. Mtanzania anayekumbuka shule kumi za mwisho zilivyokuwa zikitangazwa kila matokeo yalipotoka, kabla utaratibu huo haujaachwa mwaka 2023, hahitaji kuelezwa Cardiff iko wapi.

Baadaye Waziri Mkuu anamwambia Frobisher, Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, kwamba mabinti zake wawili watatolewa mbele ya kamera ili serikali ionekane nayo imeonewa. Frobisher anarudi nyumbani na bastola. Anaingia chumbani kwa mkewe na watoto, mlango unafungwa, milio inasikika. Hakuna damu wala mwili unaoonyeshwa. Mkasi wa chumbani ukipita hapo haukuti kitu, na flashi inakwenda kwa watoto.

Hata msimu huu una kasoro. Silaha ya kuwashinda 456 inapatikana kwa haraka ya kutia shaka, na inahitaji mtoto mmoja tu, ambaye kwa bahati yuko karibu: Steven, mjukuu wa Jack. Wapo wanaosema mwandishi alitaka kilio akaipindisha hadithi ili akipate. Upande wa pili wanasema aliyetoa watoto wa wenzake mwaka 1965 ilikuwa lazima siku moja aguswe na wake. Hoja ya pili ina nguvu zaidi, ingawa njia iliyotumika ni ya mkato. Msimu wa nne, ambamo ghafla hakuna binadamu anayekufa, una wazo zuri lililotandazwa kwenye sehemu kumi wakati tano zingetosha.

Hadithi ya namna hii, inayohoji wakubwa kupitia nchi ya kubuni, si ngeni Tanga. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliiweka nchi ya Kusadikika hewani, akamsimamisha mshtakiwa Karama mbele ya mfalme na wakubwa wake ajitetee.

Kwa anayetafsiri kwa sauti, ugumu uko kwenye meza ile. Kwenye mapigano anapunguza sauti ya asili, anasema lake, anaipandisha tena. Watu wengi wanapojibizana hana upenyo, na kishawishi ni kusema "wanajadili wafanyeje" kisha anyamaze. Akifanya hivyo, msimu mzima umekwenda na maji. Ni afadhali awataje kwa vyeo badala ya majina, asimamishe picha sekunde chache kila pendekezo jipya linapotolewa, na aachie sauti ya asili kila wanaponyamaza. Na kwenye orodha ya flashi, sehemu ya nne na ya tano za msimu wa tatu ziandikwe 18, hata kama za msimu wa kwanza zimeshakatwa zikaandikwa 13.