Toledo: kulala ndani ya kuta au kurudi Madrid?

Wageni wengi wa Toledo, mji wa kale wa Hispania karibu na Madrid, hawalali Toledo. Treni ya mwendokasi kutoka Madrid huchukua kama nusu saa tu, hivyo hufika asubuhi, huona kanisa kuu na mchoro mkubwa wa mchoraji El Greco katika kanisa la Santo Tomé, na jioni hao wanaondoka. Wana hoja: Madrid ina vyumba vya kila bei, na mizigo haihamishwihamishwi.

Hata hivyo, naamini wanaikosa Toledo yenyewe. Mji wa kale umebanwa na mto Tagus pande tatu, na mchana vichochoro vyake hujaa makundi ya watalii hadi kupishana ni kazi. Wakishaondoka, wenyeji hurudi Zocodover, uwanja mkuu wa mji, na unaweza kusimama utakavyo mbele ya msikiti mdogo uliojengwa mwaka 999, ambao baadaye uligeuzwa kanisa la Cristo de la Luz. Wala huhitaji utajiri. Ndani ya kuta za mji wa kale zipo hostal, nyumba ndogo za wageni zenye vyumba vya faragha, nyingi zikiendeshwa na familia. Anayelala hapo hula chakula cha usiku na kunywa chai ya asubuhi mjini humo. Wa mchana huacha pesa ya tiketi na ya boksi la mazapán, vitamu vya lozi na sukari.

Adha zipo, tena si ndogo. Mji umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1986, na kutoboa jengo la kale ili kuweka lifti si jambo jepesi. Chumba cha bei nafuu mara nyingi kiko ghorofa ya juu, ngazi nyembamba. Kituo cha treni kiko ng'ambo ya mto, mji uko kilimani. Mwenye magoti mabovu simshauri. Julai na Agosti, uliza kiyoyozi kabla ya kulipa.

Hoja nzito zaidi ni ya wakazi: je, wageni wanaolala hawawasukumi nje? Katika miji ya kale ya Hispania fleti nyingi zimegeuzwa za watalii, na kila moja ni nyumba ambayo mkazi haipati tena. Lawama hiyo naikubali kwa fleti. Hostal iliyosajiliwa ina mwenyewe mlangoni, na jirani akikerwa na kelele usiku anajua pa kugonga. Kwa sababu hiyo, hata fleti ikiwa na lifti na bei ileile, mimi nachagua hostal.