Hekima Inauzidi Upumbavu kwa Kiasi Gani? Mithali na Mhubiri Mezani Pamoja

Kitabu cha Mhubiri katika Biblia kinatoa hoja na kuitikisa ndani ya aya nne tu. Sura ya 2 aya ya 13 inasema hekima huupita upumbavu kama nuru ipitavyo giza. Aya ya 14 inakubali kwamba mwenye hekima huona aendako, kisha inageuka papo hapo: yeye na mpumbavu wanapatwa na mwisho mmoja. Ikifika aya ya 16, wote wawili wamekwisha kusahauliwa. Basi faida ya hekima iko wapi?

Mithali inajibu bila kusita. Katika sura ya 3, Hekima ameshika wingi wa siku mkono wa kuume, na utajiri na heshima mkono wa kushoto. Sura ya 9 inaweka wanawake wawili mjini, Hekima na Upumbavu, na mwaliko wao ni uleule: aliye mjinga na aingie humu. Tofauti imo ndani ya nyumba. Hekima amechinja, amechanganya divai na kuandaa meza. Upumbavu anasifia maji ya wizi, na wageni wake wako kuzimu. Wanayemgombea ni mjinga, yaani asiyejua bado, naye anafundishika. Ndiyo maana wahenga wakasema mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani. Mpumbavu ni habari nyingine. Sura ya 27 aya ya 22 inasema hata ukimtwanga kinuni, upumbavu wake hautoki.

Anayetaka kuona hekima ikiwa kazini na aende 1 Samweli 25. Nabali ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Ni msimu wa kukata manyoya, na watu wa Daudi, ambao wamewalinda wachungaji wake usiku na mchana, wanaomba chakula. Nabali anawatukana. Daudi anashuka na watu 400, ameapa kutomwacha mwanamume hai hadi alfajiri. Mtumishi anampelekea habari Abigaili, mke wa Nabali, kwa kuwa bwana mwenyewe haambiliki.

Abigaili anafanya mambo kwa mpangilio. Anapakia mikate 200, viriba 2 vya divai, kondoo 5 waliokwisha kuandaliwa, bisi vipimo 5, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini. Chakula kinatangulia, yeye anafuata nyuma. Mumewe hamwambii. Akimwona Daudi anashuka upesi, anainama, anaomba lawama iwe juu yake. Hapotezi muda kumtetea Nabali. Anamwonyesha Daudi kwamba siku atakapotawala, damu aliyoimwaga bure ingemsumbua moyoni. Anarudi nyumbani, anamkuta mumewe amelewa karamuni, na hasemi neno, dogo wala kubwa, hadi asubuhi divai imtoke.

Katika habari hiyo mwenye hekima alilipwa, kwani Nabali alikufa baada ya siku kama 10 na Abigaili akaolewa na Daudi. Lakini Mhubiri 9:13–18 ina habari iliyokwenda kinyume. Mji mdogo wenye watu wachache ulizingirwa na mfalme mkuu. Maskini mmoja mwenye hekima akauokoa, na hakuna aliyemkumbuka. Kwangu mimi jibu la swali la sura ya 2 limo humu. Mithali inahesabu ujira wa mwenye hekima. Mhubiri anaonyesha kwamba ujira unaweza kukosekana kabisa na kazi ikawa imefanyika. Mji uliokoka. Waliofaidika na hekima ya maskini yule ni wakazi wote, wakiwemo walioidharau.

Upande wa pili una hoja nzito pia, na Mhubiri haifichi. Inzi waliokufa huyavundisha marhamu ya mtengenezaji, asema 10:1, na upumbavu kidogo unaweza kuzishinda hekima na heshima. Kujenga kunadai muda, kuharibu hakudai. Hata hivyo sura hiyohiyo, aya ya 10, inafundisha kazi ya shoka: chuma kikiwa butu na makali yasinolewe, itabidi utumie nguvu zaidi. Na aya ya 11 inaongeza suala la wakati: nyoka akiuma kabla ya kutulizwa kwa uganga, mganga hana faida tena. Mtu aliyeona hekima ni bure asingejali makali ya shoka.

Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Shabati, 30b, inasimulia kwamba wenye hekima walitaka kukiweka Mhubiri kando kwa sababu maneno yake yanapingana. Mithali nayo ilitiwa mashaka, maana 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu na 26:5 inaamuru ajibiwe. Wakaamua kwamba aya moja inahusu mambo ya Torati, nyingine mambo ya kidunia, na vitabu vyote viwili vikabaki.

Kosa kubwa la wasomaji ni kuigeuza Mithali kuwa kipimo cha watu: fulani anateseka, basi alikosa hekima. Ndivyo rafiki za Ayubu walivyofanya, kwa semi nzuri ambazo nyingi zingeweza kukaa ndani ya Mithali. Katika Ayubu 42:7–8 Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa rafiki hao, kwamba hawakunena yaliyo sawa, nao wakaamriwa kupeleka ng'ombe dume 7 na kondoo dume 7 kwa Ayubu, ili mtu yuleyule waliyemhukumu awaombee.