Mkono wa mama mkubwa

Mwandishi, asante kwa makala ya kipimo cha PET (picha ya mwili inayopigwa kwa kufuata dawa yenye mionzi kidogo) kinachoonyesha vipokezi, yaani sehemu za kupokea ishara, vya seli za neva baada ya kiharusi cha kuvuja damu. Nimeisoma mara mbili kwa sababu ya mama mkubwa, muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Alianguka alfajiri akijitanda kanga. CT, picha ya eksirei ya ndani ya kichwa, ilionyesha doa jeupe la damu upande wa kushoto wa ubongo, na mkono wa kulia ukalala. Swali letu la kila siku lilikuwa moja: seli zilizozunguka lile doa zimekufa, au zimezimia tu? CT peke yake haikutujibu. Ndipo dawa ya flumazenili, inayotumika kwenye PET hiyo, inaposaidia. Inashika vipokezi vya GABA, kemikali ya kutuliza seli za ubongo, na seli ikifa vipokezi vyake hupotea, hivyo picha hufifia pale hata kama nyama ya ubongo inaonekana nzima.

Ila mngegusia ugumu wake. Kaboni-11, kaboni yenye mionzi inayobandikwa kwenye dawa hiyo ili mashine iione, hupungua nusu kila dakika 20. Ukiipakia melini Nansio, kisiwani Ukerewe, itakuwa imekwisha kabla hujaona Mwanza! Lazima itengenezwe jirani na mashine, kwa hiyo sisi tunaufuatilia utafiti huu kwa mbali. Naomba msiuache.

Huu ni mwezi wa saba tangu aanguke. Mama mkubwa anachambua dagaa kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Wiki iliyopita alifunga fundo la kanga mwenyewe. Natamani ningeona picha ya ubongo wake siku ile.